Henzirani Iitwayo Lunsa

Mwenye haraka hapiti penye henzirani. Itamshika shati, kisha kofia, kisha sikio. Ngumbang alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo maisha yake yote alikwenda polepole, hata katika kusema.

Alikuwa Mwiban wa nyumba ya Mambang, milango kumi na minane, kila mlango familia moja, chini ya paa moja, juu ya mto Seputi. Shule hakukaa hata siku moja. Kazi yake ilikuwa henzirani: kuitafuta msituni, kuikata shinani, kuivuta kutoka juu ya miti, kuivua ala yake ya miiba na kuileta nyumbani begani. Henzirani ni ndugu ya mnazi, ila haina mgongo. Mnazi husimama wenyewe. Henzirani hutupa kulabu zake kwenye mti wa jirani, ikapanda, ikapanda, mpaka ilione jua.

"Kama wewe," mkewe alizoea kumwambia. "Umeparamia nyumba ya baba yangu."

Ilikuwa kweli. Ngumbang alioa akahamia mlango wa wakwe. Mkewe aliitwa Lunsa. Lakini alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, Janting, hakumwita tena hivyo. Alimwita Mama Janting, kama ilivyo adabu, naye akaitwa Baba Janting. Majina yao ya ujana waliyaweka, kama nguo ya arusi.

Mama Janting alikuwa msukaji wa makapu. Alishika kisu kidogo chenye mpini mrefu, mpini ukabanwa kwapani, akapasua henzirani mara nne, mara nane. Kisha alizivuta nyuzi katika matundu ya kifuniko cha kopo, moja baada ya moja, mpaka zote zikawa nene sawa. Kapu lake la mavuno lilibebwa miaka ishirini bila kuchoka. Kwa makapu hayo alitaka henzirani ya aina moja tu. Ndefu, laini, rangi ya asali. Na hapo ndipo palipokuwa na tabu.

Kwao Waiban henzirani zote ni wi, halafu kila moja ina jina lake la pili, kama watu. Na jina la pili la henzirani hiyo lilikuwa jina la baba mkwe. Babu yake alimwona amezaliwa mrefu, mwembamba, asiyekatika, akampa jina hilo. Mzee akakua nalo, akapata mjukuu nalo, akakaa nalo pale pale barazani, hatua tatu kutoka mkeka wa Ngumbang.

Mkwe hatajwi. Ukimtaja jina, tumbo huvimba. Na hata lisipovimba, watu watalitazama kana kwamba limevimba.

Kwa hiyo Ngumbang alisema "ile ya makapu." Alisema "ile ndefu." Vijana wa nyumba walifurahi.

"Kaka Ngumbang, hii niliyoikata inaitwaje? Nimesahau."

"Kamuulize mama yako."

"Mama hayupo."

"Basi ngoja arudi. Henzirani haiozi upesi."

Wakacheka mpaka mbao za baraza zikalia.

Mwaka aliozaliwa Janting barabara ilikuwa bado haijafika. Alikuja Mzungu mmoja na mashua mbili, magazeti ya zamani mafungu kwa mafungu, na karani kutoka Kuching. Watu walimwita Bwana Majani, kwa sababu hakutaka dhahabu wala mbao. Alitaka majani. Alitaka kujua kila henzirani ya mto ule, ala yake, miiba yake, ua lake, tunda lake lenye magamba kama ya kakakuona, na jina lake kwa wenyewe. Aliomba mtu wa kupanda miti. Akapewa Ngumbang.

Walikaa msituni siku kumi. Ngumbang alipanda mti wa jirani, akaikata henzirani kileleni, akaiteremsha kwa kamba. Bwana Majani aliipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Aliikata vipande, akavilaza katika magazeti, akavikandamiza. Mikono yake ilikuwa imechanwa kote, na hakulalamika. Ngumbang alimpenda kwa hilo. Jioni aliwachomea kichipukizi cha henzirani, kile kichungu. Karani akakitema. Bwana Majani akala, akalia machozi, akaomba kingine.

Siku ya kumi waliipata ile ya makapu. Ilikuwa na matunda. Ngumbang aliishusha, akakaa chini.

"Nzuri mno," alisema Bwana Majani. "Jina?"

Ngumbang akaanza kukunja kamba yake.

"Hii hamna jina lake?"

"Inalo."

"Basi?"

Karani alikuwa ameshika penseli. Watu wengine wa nyumba hawakuwepo, ambao wangelisema kwa niaba yake. Kusema "siwezi kulitaja" kulimwia vigumu mbele ya mgeni, kana kwamba angemweleza mambo ya chumbani. Na alikuwa hajamwona mkewe siku kumi. Mtoto alikuwa na miezi minne. Alitazama ile henzirani imejikunja majanini, ya rangi ya asali, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Lunsa," alisema.

Karani akaandika: wi lunsa. Akauliza na jina lake yeye aliyeikata, akaliandika chini yake.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe siku ile ile. Hakujua kuficha jambo.

Mama Janting aliacha kisu. "Umesemaje?"

"Limetoka tu."

"Umeniweka kwenye miiba!"

"Miiba ni ya nje. Ndani laini."

"Toka hapa!" Akamrushia kifuniko cha kopo. Lakini alikuwa anacheka, na amegeuza uso ukutani ili asionekane.

Baba mkwe alikuwa akisikia, kwani katika nyumba ile kila neno husikika. Akakohoa kicheko chake. "Huyu ana adabu," alisema. "Kuliko kunitaja mimi, kamtoa mwanangu."

Haikuchukua mwezi. Nyumba nzima ikaanza. "Nileteeni Lunsa tatu ndefu." "Lunsa kanishika shati leo, hataki kuniacha." "Nimemburuta Lunsa tangu asubuhi, mgongo wote unauma." Mama Janting aliwafukuza kwa mwiko wa wali. Jirani yao wa mlango wa pili, mwanamke aitwaye Senti, ndiye aliyezidi. Alikuja kila asubuhi kuuliza: "Lunsa, umelalaje? Umejikunja vizuri?"

Miaka ikapita. Janting akaenda shule ya bweni mtoni chini. Siku moja akarudi na kitabu chembamba alichopewa na mwalimu, kimepigwa chapa Kuching, chenye michoro ya henzirani. Akawasomea. Katika ukurasa wa thelathini na moja palikuwa na ile ya makapu, na chini yake wi lunsa.

"Mimi ni lipi hapo?" mama yake aliuliza.

Janting akamwonyesha.

Aliweka kidole chake hapo. Kilikuwa kidole cha kazi, cheusi kwa utomvu, kikaacha alama. Akakaa hivyo kitambo. Kisha alikifunga kitabu katika mfuko wa plastiki, akakitia katika kopo la biskuti. Kila mgeni aliyefika alionyeshwa alama ile kwanza, jina baadaye.

Lakini mara nyingine, akisuka na mumewe yuko kando, alisema: "Baba Janting, mmoja wa wale wa Bwana Majani akirudi, mwambie kweli."

"Kweli ipi?"

"Kwamba si jina lake. Watu wale wanakuja mbali. Sipendi niwe uongo kwenye kitabu cha watu."

"Nitamwambiaje? La kweli silitaji."

"Utajua mwenyewe. Ulijua kunitaja mimi."

Baba mkwe akafa. Jina lake hata hivyo halikutajika. Kufa hakuondoi ukwe. Barabara ikaja, nusu ya msitu ikaondoka nayo. Janting akaenda kufanya kazi Bintulu. Ngumbang akaacha kupanda, goti lilikataa.

Na msimu wa kupanda mpunga, mwaka uliopita, Mama Janting alikohoa wiki tatu akafa. Hakusumbua mtu. Aliacha kapu lisilo na ukingo. Nyuzi zilikuwa zimesimama juu, kama nywele za mtu aliyeamshwa.

Watu walitaka kapu hilo liende naye kaburini. Ngumbang alitikisa kichwa. Wakaliacha. Lilitundikwa juu ya mkeka wake, na kila alipolala chali alilitazama.

Miezi mitano baadaye alifika Daktari Tiong, binti wa Kichina kutoka Sibu, na gari lenye matope mpaka kwenye vioo. Alisema Kiiban, cha mjini lakini kinachofahamika. Waliposikia ni daktari, wazee wakajipanga.

"Daktari, goti langu," alisema Ngumbang.

"Mimi daktari wa mimea, babu."

"Basi hujakosea. Limekuwa kuni hili."

Daktari Tiong alicheka, akakaa mkekani bila kungoja kukaribishwa. Senti, ambaye sasa alikuwa mzee asiye na meno ya mbele, akamletea wali na samaki wa moshi. Alipokwisha kula alitoa karatasi.

"Babu Ngumbang ni wewe? Nimekutafuta. Jina lako liko Kuching, juu ya karatasi ya majani makavu. Wewe ndiye uliyeikata."

"Bado yapo?"

"Yapo. Hata tunda lipo." Akafungua karatasi nyingine. "Tunatengeneza kitabu kipya, kikubwa. Majina yote nayapitia upya. Sasa kuna hili, wi lunsa. Nimepita nyumba sita za mto wa pili. Hakuna anayelijua. Wote wanaiita..." Akalitaja. Jina zima la baba mkwe, mchana kweupe, mbele ya mkwewe.

Ngumbang akakohoa kwa nguvu. Alichelewa.

"Nadhani yule bwana wa zamani alisikia vibaya," alisema Daktari Tiong. "Nataka kulifuta. Lakini nisingelifuta bila kukuuliza wewe."

Ngumbang alitazama juu, kwenye kapu. Kopo la biskuti lilikuwa nyuma yake. Angenyosha mkono angelifikia.

Neno moja lingetosha. "Ndiyo, ndilo jina, tangu mababu." Nani angembishia? Lunsa angekaa katika kitabu kikubwa, Kuching na hata ng'ambo, watu wasiomjua wakamsoma. Asiposema neno hilo, atafutwa. Na alikwisha kufutwa mara moja, alipozikwa.

"Kesho tukaione kwanza," alisema.

Asubuhi walitoka wawili. Ngumbang hakuweza kupanda, lakini alijua kilima kimoja ambacho mtu akisimama ukingoni, vilele vya miti ya bondeni vinakuja usawa wa macho. Walifika jua likiwa juu. Daktari Tiong alikuwa mbele. Mara akapiga kelele.

"Imenishika!"

"Simama. Usivute. Ukivuta inakupenda zaidi." Akamwendea. "Rudi nyuma hatua moja. Haya. Sasa mkono." Akaing'oa kulabu moja moja kutoka kwenye mkono wa shati. "Mke wangu alisema hii ina tabia yangu."

"Yeye alikuwa anakuja msituni nawe?"

"Aah. Yeye alikaa nyumbani akanilaumu kwamba ninachelewa."

Akanyosha upondo wenye kisu, akakata. Henzirani ikaja, majani yake, matunda yake ya magamba, yote mazima. Daktari Tiong aliipokea kwa mikono miwili. Ngumbang aliiona mikono ile, akamkumbuka Bwana Majani, akatazama pembeni.

Daktari alitoa penseli. "Babu, niambie basi. Wi lunsa ni jina lake la kweli?"

Ngumbang alikaa juu ya mzizi.

"Si jina lake," alisema. "Ni la mke wangu."

Akamweleza. Kidogo kidogo, na jina la baba mkwe akiliruka kama mtu anavyoruka shimo. Siku kumi msituni. Mtoto wa miezi minne. Karani na penseli.

Daktari Tiong hakucheka. "Yeye alijua?"

"Alijua. Aliniambia nikuambie kweli. Si wewe. Yeyote atakayekuja."

"Kwa hiyo wi..."

"Usilitaje!"

"Samahani, babu."

"Tumbo langu ni la zamani, halitaki majaribio." Akaokota upondo wake. "Futa. Yeye mwenyewe alisema."

Njia ya kurudi Ngumbang alikuwa na henzirani mbili zaidi alizozikata, begani, zinazoburuta nyuma, na kila ziliposhikwa na kichaka alisimama, akarudi nyuma hatua, akaendelea.

Barazani wanawake walikuwa wanasuka. Msichana mmoja, mjukuu wa Senti, alikuwa amekuja likizo kutoka Miri, kucha zake nyekundu. Aliwaona akasimama.

"Eh! Lunsa nzuri hizo! Babu, zote zako? Nigaie moja, nataka kusuka kikapu cha simu."

"Kwa kucha hizo?" Senti akamwambia. "Lunsa atakuvunja."

"Atanivunja? Navuta Lunsa tangu nikiwa na miaka sita."

Daktari Tiong alisimama, mguu mmoja bado katika ngazi. "Hiyo mnaiitaje?"

"Ipi? Hii? Wi lunsa."

"Na jina jingine je?" Akamwinamia sikioni, akamnong'oneza.

Msichana akakunja uso. "Huyo si babu mmoja aliyekufa zamani? Ana kaburi kule chini. Henzirani gani inaitwa babu wa watu?"

Wanawake wakacheka. Mmoja wa mlango wa nane akasema yeye naye aliolewa hapo akitoka mto wa pili, kwao inaitwa lile, lakini alipolitaja siku ya kwanza walimcheka mwezi mzima, akaliacha.

Daktari Tiong alimgeukia Senti. "Mama, ilikuwaje?"

"Ilianza utani," alisema Senti. "Tulimtania huyu hapa na mkewe. Tena ilitusaidia. Yeye hawezi kulitaja lile, na ni yeye anayetuletea. Utamwagizaje mtu kitu asichoweza kukisema? Basi tukasema Lunsa. Watoto wakakua nalo. Tangu Mama Janting afe tulitaka kuliacha, kwa ajili yake. Midomo imekataa."

Daktari Tiong akakaa chini, pale pale penye vumbi la miguu. Akafungua daftari.

"Umekwisha kulifuta?" Ngumbang aliuliza.

"Bado." Alikuwa anaandika. "Babu, mimi siulizi jina lilitoka wapi. Naandika watu wanaoitumia wanaiitaje. Mto wa pili wanaiita vile. Nyumba ya Mambang, milango kumi na minane, wanaiita wi lunsa. Yote mawili nitayaandika."

"Na uongo wangu?"

"Nao nitauandika. Mstari mmoja, chini."

"Andika alikuwa mtu," alisema Ngumbang. "Wasije wakafikiri ni neno tu."

"Nitaandika. Jina lake kamili lipi? Nataka lisikosewe tena."

Wanawake wakainua vichwa. Hata msichana wa kucha nyekundu. Wote walijua kwamba kwa miaka arobaini mzee huyu alisema "ile ya makapu," na nyumbani kwake alisema "Mama Janting."

Ngumbang aliweka henzirani chini.

"Lunsa," alisema.

Alivuta henzirani moja karibu. Akalitungua kapu lisilo na ukingo, akatafuta kile kisu chenye mpini mrefu, akakibana kwapani. Hakuwa msukaji. Alikuwa mletaji. Lakini alikuwa ameketi karibu ya msukaji miaka mingi. Akapasua mara nne. Mara nane ikamshinda, nyuzi zikatoka nene kwa nyembamba.

Alizungusha ukingo mpaka jioni. Ulikwenda kombo upande mmoja kama mdomo wa mtu anayezuia kucheka.

Senti alikuja, akaushika, akauzungusha.

"Yeye angeufumua wote huu," alisema.

"Angeufumua," alisema Ngumbang.

Akalitundika tena kapu juu ya mkeka wake. Halafu akamkatia yule msichana henzirani moja, ile ndefu.